Eliud Mathu, Mwafrika wa Kwanza Barazani, na Habari ya Kipande

Kila Desemba 12, sisi Wakenya wa Al-Rawdah ya Riyadh na wenzetu wa Al-Rawdah ya Jeddah tukikusanyika kwa sherehe ya Jamhuri, majina tunayowatajia watoto ni yale yale. Kenyatta, Odinga, Mboya, Kimathi. Ni majina mazuri na hatuna nia ya kuyapunguza. Lakini mwaka huu tumeona tuwaletee mtu ambaye aliingia katika chumba cha kutunga sheria miaka 19 kabla ya bendera yetu kupanda, akakaa humo akiwa amezungukwa na watu ambao wangeweza kumshinda kwa kura saa yoyote waliyotaka. Jina lake ni Eliud Wambu Mathu.

Ipo sababu ya kumchagua yeye. Hapa tulipo, kila mtoto wetu anajua iqama ni nini. Anajua kwamba baba hatoki nyumbani bila iqama yake, na kwamba siku ya kuipata tuliweka vidole kwenye mashine. Watoto wengine wametuuliza kama na Kenya kulikuwa na kitu kama hicho. Kilikuwapo, kiliitwa kipande, na habari ya kipande haiwezi kusimuliwa vizuri bila kumtaja Mathu.

Alizaliwa mwaka 1910 huko Riruta, upande wa Dagoretti, ambako siku hizi ni ndani ya jiji la Nairobi. Shule ya Alliance ilipofunguliwa pale Kikuyu mwaka 1926, alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza, na baadaye alirudi hapo akiwa mwalimu. Alikwenda Fort Hare, Afrika Kusini, kisha Uingereza, kwanza Exeter na halafu chuo cha Balliol, Oxford, wakati Vita vya Pili vya Dunia vimeshaanza. Sisi tuliosomea uuguzi nchi za watu tunajua kidogo jinsi mtu anavyosoma huku akili yake nusu iko kwao. Lakini sisi tulikuwa na simu. Yeye alikuwa na barua, na barua za wakati wa vita zilikwenda kwa meli. Aliporudi nyumbani aliendelea na ualimu, akawa mkuu wa shule ya Waithaka, Dagoretti.

Sasa tueleze hilo baraza. Kenya ilikuwa koloni la Mwingereza, na sheria zake zilipitishwa na Baraza la Kutunga Sheria lililokaa Nairobi, ambalo wazee wetu waliliita Legiko. Walowezi wa Kizungu walichagua wajumbe wao tangu mwaka 1920. Wahindi walikuwa na wajumbe wao, na Waarabu wa pwani vilevile. Waafrika, ambao ndio waliokuwa wengi kuliko wote, walisemewa na mmisionari wa Kizungu aliyeteuliwa na serikali. Ilikuwa hivyo tangu mwaka 1924. Fikiria mgonjwa ambaye kila daktari anapofika kitandani, anayejibu ni jirani, na mgonjwa yuko macho na ana kinywa chake.

Oktoba 1944 Gavana Henry Moore alimteua Mathu. Hakuchaguliwa kwa kura, maana Mwafrika hakuwa na kura. Mwezi huo huo wananchi waliunda chama, Kenya African Union, ili kumpa nguvu na kumletea malalamiko ya watu kutoka wilayani. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Harry Thuku. Mwanzoni Mathu alikuwa Mwafrika peke yake barazani, akiwa pamoja na mmisionari Leonard Beecher aliyebaki katika kiti cha kuwasemea Waafrika. Wenzake waliongezwa polepole, hata mwaka 1948 wakawa wanne.

Basi, kipande. Sheria yake iliandikwa mwaka 1915 na ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita miaka 16 aliandikishwa, akachukuliwa alama za vidole na kupewa karatasi, nayo akatakiwa atembee nayo popote aendako. Wengi waliitia kwenye kijikebe cha chuma na kukivaa shingoni kwa kamba. Askari akimsimamisha mtu njiani asiwe nacho, ilikuwa faini au jela. Wanawake hawakupewa kipande. Tusidhani ni kwa heshima. Ilikuwa kwa sababu aliyetafutwa kwa ajili ya mashamba ya walowezi ni mwanamume. Hata vitambulisho vya Kenya huru akina mama hatukuingizwa humo mpaka mwishoni mwa miaka ya 1970, jambo ambalo mabinti zetu hawaliamini tukiwaambia.

Uchungu wa kipande haukuwa alama za vidole tu. Karatasi ile iliandikwa mshahara wa mtu na jina la tajiri wake, na tajiri ndiye aliyetia sahihi kuonyesha kwamba amemwachilia. Bila sahihi hiyo, mfanyakazi aliyeondoka alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Na mshahara ukishaandikwa pale, tajiri mwingine hakuwa na haja ya kuongeza: alisoma tu cha yule wa kwanza. Mtu aliyefanya kazi vizuri miaka mitano alikuwa amefungwa na mwandiko wa mtu mmoja. Kwa ajili ya kipande na kupunguzwa mishahara Harry Thuku alisimama mwaka 1921, akakamatwa Machi 1922, na watu waliokwenda kumdai nje ya kituo cha polisi Nairobi wakapigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa mmoja wa waliokufa siku hiyo. Damu hiyo ilikuwa na miaka 22 Mathu alipoingia barazani, na kipande kilikuwa bado shingoni.

Mathu alilichukua jambo hili kama mwalimu anavyochukua hesabu. Hakuanza kwa kusema usajili wa watu ni uovu. Aliwataka waseme, kama serikali inahitaji kujua watu wake ni akina nani, kwa nini inahitaji kuwajua Waafrika peke yao. Sheria na iwe moja kwa kila rangi, au isiwepo. Ukiitazama hoja hiyo kwa haraka unaweza kuiona ya upole. Hebu ona ilivyofanya kazi.

Serikali, ikiwa inasukumwa na Mathu barazani, na na KAU nje, ambako Jomo Kenyatta alikuwa amekuwa kiongozi mwaka 1947, ilileta sheria mpya ya usajili mwaka huo. Kila mwanamume wa kila rangi ataandikishwa, na kila mmoja atatoa alama za vidole. Kile kipande cha zamani kikafutwa. Walowezi, ambao kwa miaka karibu 30 walieleza kwamba alama za vidole ni utaratibu wa kawaida usiomdhuru mtu yeyote, walipoambiwa nao walete vidole vyao walipiga kelele kwamba hiyo ni aibu, kwamba wanafanywa kama wahalifu. Hakuna hotuba ya Mwafrika ambayo ingeeleza maana ya kipande vizuri kuliko kelele hizo. Serikali ililegea. Ikaundwa tume ya Sir Bertrand Glancy, na baada ya taarifa yake ya mwaka 1950 sheria ikalegezwa: mtu aliyeweza kujaza fomu kwa Kiingereza angeweza kuleta picha na sahihi badala ya vidole. Wajumbe wa Kiafrika waliona wazi mlango huo umefunguliwa kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo alishinda au alishindwa? Sisi tunasema alishinda nusu, na nusu ile ilikuwa kubwa. Kijikebe kilitoka shingoni. Sahihi ya tajiri ilitoka kwenye kitambulisho.

Hapa tuseme neno na wenzetu, kwa sababu tumesikia watu wakikaa kahawani wakisema iqama ni kipande. Hatukubali. Kipande aliwekewa mtu katika nchi yake, juu ya ardhi ya babu yake, kwa rangi yake. Sisi tulikuja kwa pasipoti zetu wenyewe, na hapa mwenyeji naye ana kitambulisho chake. Lakini yule anayeuliza juu ya jina la mwajiri na ruhusa ya kuondoka, huyo anauliza swali lile lile la Mathu na anastahili kujibiwa vizuri. Tangu Machi 2021 wafanyakazi wengi wa kampuni binafsi katika Ufalme huu wanaweza kubadili kazi na kusafiri bila kuomba ruhusa ya mwajiri, kwa masharti yaliyowekwa. Mabadiliko hayo ya 2021 hayakuwagusa dada zetu wa kazi za nyumbani. Sisi wa hospitalini, wenye mikataba mizuri na siku za mapumziko, tukae tukijua hivyo kila tunapokutana nao zamu ya usiku wameletwa wagonjwa.

Kuna jambo jingine la Mathu ambalo watu wa Mombasa waliomo katika chama chetu watapenda kulisikia. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari, wa reli na wa mahotelini waligoma kwa pamoja, na mji ukasimama kwa siku 12. Kiongozi wao alikuja kuwa Chege Kibachia. Serikali haikuweza kuwarudisha kazini. Mathu alishuka Mombasa, akasimama mbele ya umati, akawaomba warudi, kwa ahadi kwamba litaundwa baraza la kuchunguza mishahara yao. Walirudi. Baraza hilo liliundwa na mishahara ikapandishwa. Wako waliosema Mathu aliiokoa serikali, na wako waliosema aliokoa watu wasipigwe risasi kama wale wa 1922. Baadaye mwaka huo Kibachia alikamatwa na kupelekwa kizuizini, na mtu anaweza kuuliza ahadi ilimlinda nani. Sisi tunaona kwamba alichowapelekea kilikuwa kitu cha kushikika, na senti zilizoongezwa zilinunua unga.

Ndivyo alivyolaumiwa maisha yake yote ya siasa. Kwa walowezi alikuwa mkorofi anayeuliza maswali mno kuhusu ardhi, shule za Waafrika na ubaguzi mahotelini. Kwa vijana wa KAU alikuwa mtu wa suti anayeongea Kiingereza cha Oxford na kungoja zamu yake. Mwaka 1952 aliteuliwa kuingia Baraza la Utendaji la koloni, Mwafrika wa kwanza kufika hapo, na mwaka huo huo hali ya hatari ikatangazwa. Alikuwa amesema hadharani dhidi ya Mau Mau. Tunajua jambo hilo linawaumiza baadhi ya wasomaji wetu ambao babu zao walikuwa msituni au kizuizini, nasi hatutalifunika.

Na hesabu ya siasa ilimkuta. Machi 1957 Waafrika walipiga kura kuchagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza. Ndipo Mboya, Odinga na Ngala walipoingia. Katika Mkoa wa Kati, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuweza kupiga kura bila cheti cha kuthibitisha utii wake kwa serikali. Watu wa Kiambu wenye cheti hicho walikuwa wachache kuliko Wameru, na kiti kilikwenda kwa Bernard Mate wa Meru. Mtu aliyepigana miaka mingi na karatasi ya kubagua watu aliondolewa na karatasi nyingine ya kubagua watu. Hakuna anayejua kama angeshinda bila vyeti hivyo. Vijana walitaka sauti mpya na walikuwa na haki ya kuitaka.

Katika uuguzi tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba jambo lisiloandikwa kwenye faili la mgonjwa ni kama halikutendeka. Mathu alifanya kazi yake mahali ambapo kila neno liliandikwa. Maswali yake yote yamo katika Hansard, pamoja na majibu ya maafisa, tarehe kwa tarehe, na serikali haikuweza kusema baadaye kwamba haikuwahi kuambiwa. Mtoto wa darasa la nane anayependa kubishana, na tunao wengi hapa Al-Rawdah, angejifunza mengi kwa kuona jinsi mtu asiye na kura za kutosha anavyomlazimisha mwenye nazo ajieleze.

Baada ya kushindwa alifanya kazi na Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, huko Addis Ababa. Kenya ilipopata uhuru alirudi, akatumika Ikulu akiwa katibu wa Rais Kenyatta, mtu yule yule ambaye miaka ya 1940 alikuwa akisukuma kutoka nje huku yeye akisukuma kutoka ndani. Aliaga dunia mwaka 1993. Neno kipande halikufa naye: huko nyumbani, mzee akitaka kitambulisho chako cha taifa, bado anaweza kukuambia ulete kipande.