Maisha ya Daktari Anandibai Joshi

Katika masomo yetu ya historia tulisoma habari nyingi za wafalme na majemadari. Leo nataka kuwapa ninyi wanafunzi wa sasa, pamoja na wenzangu tuliokwisha kuondoka shuleni, habari za mwanamke mmoja wa Bara Hindi ambaye hakupigana vita yoyote ya silaha, na ambaye alikufa kabla ya kutimiza miaka 22. Mimi ni muuguzi katika wodi ya wazazi, na katika kazi yangu nimeona kwamba maisha yake yana mafundisho makubwa kwetu.

Alizaliwa tarehe 31 Machi, 1865, katika jamaa ya Wabrahmani, na wazazi wake walimwita Yamuna. Kwa desturi ya siku zile aliozwa akiwa na umri wa miaka tisa tu. Mumewe, Gopalrao Joshi, alikuwa karani wa posta aliyefiwa na mke wa kwanza, naye alimpita umri kwa miaka mingi. Akampa mkewe jina jipya, Anandi. Bwana huyu alikuwa na tabia ya ajabu. Waume wengine wa zama zile waliwapiga wake zao kwa kuacha kazi za jikoni. Yeye alimpiga wa kwake kwa kuacha vitabu. Siwezi kuisifu fimbo yake, lakini ni kweli kwamba kwake ndiko Anandi alikojifunza kusoma.

Alipokuwa na umri wa miaka 14 alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto yule aliishi siku kumi tu. Wakati ule wanawake wengi wa Kihindi waliona haya kubwa kutazamwa na daktari mwanamume, na madaktari wanawake walikuwa adimu mno. Msiba huo ulimkata maini, lakini haukumkatisha tamaa. Aliazimia kuwa daktari yeye mwenyewe.

Gopalrao aliandika barua kuomba msaada, nayo ikachapwa katika gazeti moja la wamisionari huko Marekani. Mama mmoja wa Roselle, New Jersey, aitwaye Theodicia Carpenter, aliisoma akiwa anangoja zamu yake kwa daktari wa meno. Akaingiwa na huruma, akamwandikia Anandi, na urafiki wao ukawa mkubwa hata Anandi akamwita shangazi.

Watu wengi walimlaumu kwa nia yake ya kuvuka bahari. Basi mwezi wa Februari, 1883, alisimama mbele ya mkutano katika chuo cha Serampore, akaeleza kwa nini nchi yake ina haja ya madaktari wanawake, akaahidi kwamba ataondoka Mhindu na kurudi Mhindu. Mwaka ule ule alipanda meli Calcutta bila mumewe, akaenda kuingia chuo cha udaktari cha wanawake huko Philadelphia. Aliishika ahadi yake: alivaa sari katika baridi kali ya theluji, wala hakula nyama. Afya yake ikaanza kudhoofika.

Wanafunzi walitakiwa kuandika insha kubwa kabla ya kupewa shahada. Anandi angeweza kuandika juu ya mambo ya Ulaya au Marekani peke yake, lakini alichagua kueleza namna Wahindu wa kale walivyowatunza wajawazito na kuwazalisha. Elimu hiyo ya uganga huitwa Ayurveda, na vitabu vyake viwili vikubwa ni cha Charaka na cha Sushruta.

Nami nilipojifunza habari za vitabu hivyo nilistaajabu. Charaka ameagiza chakula cha mjamzito mwezi kwa mwezi: mwezi wa kwanza maziwa, mwezi wa tatu maziwa yenye asali na samli, na kuendelea hivyo. Ameagiza nyumba ya kuzalia itengenezwe mapema, na ndani yake wawemo wanawake waliokwisha zaa mara nyingi. Kitovu kikatwe kwa chombo chenye makali, mahali palipopimwa kwa vidole vinane. Sushruta naye ameeleza jinsi ya kumsaidia mama ambaye mtoto wake amekwama.

Si yote ya kufuatwa leo. Wazee wale walimlambisha mtoto mchanga asali na samli. Sasa tunajua kwamba asali yaweza kuwa na vijidudu vya hatari kwa mtoto asiyetimiza mwaka, na kwamba mtoto apewe ziwa la mama katika saa ya kwanza, wala asipewe kitu kingine chochote mpaka miezi sita, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Lakini kumtunza mama tangu mimba ingali changa, na kutayarisha mahali pa kuzalia kabla ya uchungu, ndiyo mambo tunayowahimiza akina mama kila siku kliniki.

Anandi alipata shahada yake tarehe 11 Machi, 1886. Mtawala wa Kolhapur akampa kazi ya kusimamia wodi ya wanawake katika hospitali ya huko. Lakini alirudi kwao mwishoni mwa mwaka ule akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, na tarehe 26 Februari, 1887, akafa mjini Poona bila kuwahi kuifanya kazi hiyo. Majivu yake yalipelekwa kwa Bibi Carpenter, yakazikwa Poughkeepsie, katika jimbo la New York.

Ndugu zangu, wodini naona vijana waliosoma wakiwacheka wakunga wa vijijini, na naona wazee wakiiogopa hospitali mpaka mama anapoletwa amechelewa. Kati ya dharau ile na hofu hii, watoto wanapotea. Anandi hakuidharau elimu ya babu zake, wala hakuiogopa ya wageni. Alizisoma zote mbili. Mwenye kwenda mbali kutafuta elimu na asisahau kuwauliza wazee wa kwao wanajua nini, kisha apime, ashike lililo jema na kuacha lenye madhara.