Stradivari, fundi ambaye fidla zake hufunguliwa na kufungwa tena

Wasikilizaji wetu wa Lushoto mnaujua ukungu wa Usambara: gitaa au fidla ya zamani ikikaa kwenye unyevu, mgongo huachia.

Antonio Stradivari, fundi wa Cremona, Italia, aliunda vyombo zaidi ya 1,000, akisaidiwa na wanawe Francesco na Omobono. Alifanya kazi mpaka uzeeni, akafariki mwaka 1737. Mamia ya fidla zake bado zipo.

Sababu moja ni gundi ya ngozi ya wanyama. Hulainika kwa joto na unyevu, hivyo huachia kabla mbao hazijapasuka. Mafundi huzifungua, wakarekebisha ndani, wakazifunga tena.

Basi chombo chako kikiachia mgongo, usipigilie misumari wala kumwagia supaglu. Kipeleke kwa fundi kingali kizima.