Akbar na Kitabu cha Vita

Mfalme Akbar, aliyezaliwa Umarkot mwaka 1542, alirithi kiti cha enzi cha Bara Hindi mwaka 1556 akiwa na umri wa miaka 13, na kabla ya mwaka huo kwisha majeshi yake yalikuwa yamekwisha shinda vita vya Panipat. Kusoma hakujua mpaka kufa kwake. Vitabu alisomewa, naye akavihifadhi kichwani. Wazee wa Ankole, waliotamba kwa ebyevugo mbele ya Omugabe, wangemwelewa upesi mtu wa namna hiyo.

Hakuwa mpole. Ngome ya Chittor ilipoanguka mwaka 1568 aliamuru watu wauawe, na waliokufa walikadiriwa kuwa 30,000. Doa hilo halifutiki. Hata hivyo alitambua kwamba upanga peke yake hautoshi kutawala nchi ambamo Waislamu kama yeye walikuwa wachache na Wahindu wengi. Mwaka 1564 alifuta kodi waliyotozwa wasio Waislamu, na katika vita vya Haldighati, mwaka 1576, jeshi lake liliongozwa na Man Singh, Mhindu wa Amber.

Mwaka 1582 aliagiza Mahabharata, utenzi mkuu wa Wahindu, ufasiriwe kwa Kiajemi. Utenzi huo wasimulia vita vya watu wa ukoo mmoja. Arjuna anawaona babu yake na mwalimu wake katika safu ya adui, mikono inamlegea. Mzee Bhishma analala juu ya kitanda cha mishale iliyomchoma. Mapandita walieleza Kisanskriti, wanachuoni Waislamu wakaandika. Mmoja wao, Badauni, aliichukia kazi hiyo, lakini amri ni amri. Kitabu kikaitwa Razmnama, yaani Kitabu cha Vita.

Wachoraji walikitia picha zaidi ya 160. Mmoja alichora mistari, mwingine akapaka dhahabu na rangi za mawe yaliyosagwa, kwa brashi za nywele za kindi. Bingwa wao, Daswanth, alikuwa mtoto wa mchukuzi wa machela, aliyezoea kuchora ukutani hadi Akbar alipokitambua kipaji chake. Aliugua akili, akajiua mwaka 1584, kazi haijakwisha.

Akbar aliwaamuru wakuu wake wajinakilie kitabu hicho. Alifariki Agra mwaka 1605. Nakala yake mwenyewe iliingia baadaye katika hazina ya wafalme wa Jaipur, ukoo ule ule wa Man Singh.