Maisha ya Hasan bin al-Haytham, Mwanachuoni wa Nuru na Macho



 Wawindaji wa zamani wa bonde la Kilombero, huku kwetu Namawala, walijua ya kuwa sheshe, naye ni mnyama wa jamii ya swala, akisimama kimya katika majani makavu haonekani, maana rangi yake na ya majani hukaribiana. Apigapo hatua moja tu, shingo na mgongo hujitokeza kana kwamba vimechorwa. Akitulia, hupotea tena. Jicho ni lile lile na nuru ni ile ile, kilichozidi ni mwendo. Mlango wa suala hili ulifunguliwa na Abu Ali Hasan bin al-Haytham, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Basra yapata mwaka 354 wa Hijra, ndio 965 wa Miladi. Alipokwisha kubobea katika hesabu na hikima, alisema kwamba lau angekuwa Misri angeufanyia mto Nili kazi ya kuufaa wakati wa kujaa na wakati wa kupungua. Maneno hayo yakamfikia Al-Hakim, khalifa wa Kifatimi (madhehebu yao si yetu, lakini elimu waliipa nafasi), naye akamwita. Hasan akapanda mto mpaka Janadil, karibu na Aswan. Njiani akayatazama majengo ya watu wa kale, jinsi yalivyopimwa kwa uhodari, akafahamu kuwa kazi ile ingaliwezekana wao wasingaliiacha. Akarudi kwa haya, akakiri kushindwa. Sisi tukaao kando ya mto unaofurika masika twajua uzito wa kukiri huko.

Alipewa kazi ya serikali, lakini Al-Hakim alikuwa mwepesi wa kumwaga damu. Hasan akajitia wazimu, akafungiwa nyumbani na mali yake ikashikwa, mpaka Al-Hakim alipotoweka mwaka 411, yaani 1021. Wapo wamlaumuo kwa hila hiyo. Mimi simlaumu, kwani kuilinda nafsi ni wajibu. Na wengi hukadiria kuwa katika miaka hiyo ndimo alimotunga Kitab al-Manazir, juzuu 7.

Euclid na Ptolemy walidai kwamba jicho hutoa miali yake. Yeye alibainisha kuwa nuru hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni. Kisha akaingia ndani zaidi: hisia peke yake hupata nuru na rangi tu. Umbo, umbali, ukubwa, mwendo na mengineyo katika maana 22 alizozihesabu, hupatikana kwa nguvu ya kupambanua, ambayo hulinganisha upesi hata mtu asijue kuwa amelinganisha. Wanafunzi wa fiqhi watalitambua neno alilolitumia, nalo ni qiyas. Mwendo nao hauonekani ila kitu kihisiwe mahali pawili kwa nyakati mbili. Akatoa mfano wa pia yenye rangi mbalimbali: ikizunguka kwa kasi rangi zote huwa moja, kwa kuwa jicho halikupata muda wa kuzitenga.

Kwamba mwendo wenyewe huonyesha umbo, hilo lilipimwa baada yake sana. Mwaka 1953 Wallach na O'Connell walizungusha waya uliopindwa nyuma ya kiwambo. Kivuli kilipotulia kilikuwa mistari bapa. Kilipozunguka, watazamaji waliona kitu chenye kina. Mwaka 1973 Johansson wa Uswidi akaonyesha mtu gizani mwenye nuru ndogo viungoni tu. Akitulia ni nukta zisizo maana. Akitembea, mara moja huonekana mwanadamu. Ubongo huona nukta ziendazo kwa mpango mmoja, ukahukumu kuwa ni mwili mmoja. Sheshe wetu naye ni vivyo hivyo.

Turudi kwa sheikh. Alipofunguliwa alikaa karibu na msikiti wa Al-Azhar. Al-Qifti amesimulia kwamba kila mwaka alinakili kitabu cha Euclid na Al-Majisti, akaviuza kwa dinari 150, na hizo ndizo chakula chake cha mwaka mzima. Mlango wa mtawala hakuuendea tena. Alifariki Kairo yapata mwaka 1040. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini yapata mwaka 1200, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572. Na kwa Waislamu kilikaa karibu miaka 300 bila kushughulikiwa sana, mpaka Kamaluddin al-Farisi alipokifungua akakiandikia sharhe.