Alan Turing: alifungua siri za Wajerumani, feza yake mwenyewe hakuiona tena

Mtu akikumbuka mafaili yenye alifunga kwa neno la siri ndani ya ordinateri ya zamani, anahitaji vitu viwili: ile disiki iwe bado inasomeka, na ufunguo uwe bado unajulikana. Kimoja kikikosekana, kingine hakina kazi. Mwingereza Alan Turing, mmoja wa wale waliozaa wazo la ordinateri, alitumika miaka ya vita kwenye jambo la namna hii. Na yeye mwenyewe lilimpata.

Alizaliwa London tarehe 23 Juni 1912. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza kule India, kwa hiyo Alan na kaka yake walilelewa sana na watu wengine. Shuleni alipenda hesabu na sayansi. Mwaka wa 1930 rafiki yake wa karibu, Christopher Morcom, alikufa kwa kifua kikuu, na kifo hicho kilimuumiza kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata aliingia King's College, Cambridge. Na 1936, akiwa bado kijana, alitoa andiko lenye kueleza mashine moja ya mawazo tu, yenye ingeweza kufanya hesabu za kila aina mradi ipewe maagizo. Ordinateri za leo zinafuata wazo hilo.

Tarehe 4 Septemba 1939, kesho yake Uingereza kuingia vitani, Turing alifika Bletchley Park, pahali ambapo siri za adui zilikuwa zinachambuliwa. Jeshi la Ujerumani lilikuwa linatumia Enigma, mashine yenye kufanana na ile ya kupiga barua. Ukigusa herufi moja, magurudumu ya ndani yanazunguka, na inatoka herufi nyingine. Namna ya kuipanga ilikuwa inabadilishwa kila siku, na namna hizo zilipita milioni milioni milioni 150. Kuzijaribu moja moja kwa mkono haiwezekani.

Watu wa kwanza kufungua Enigma hawakuwa Waingereza. Ni Wapolandi watatu, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, wenye walianza kuisoma tangu 1932. Mwezi wa Julai 1939, vita ikiwa karibu, Poland iliwapa Waingereza na Wafaransa yote iliyojua.

Turing aliendelea kutoka pale. Aliona mlango hauko kwenye nguvu, uko kwenye mazoea ya watu. Wajerumani walirudilia maneno yale yale, kama kwenye ripoti za hali ya hewa. Tena Enigma ilikuwa na kasoro: herufi haikuweza hata siku moja kubaki yenyewe. Kwa kubahatisha neno na kulilinganisha, mipango mingi sana ilianguka mara moja. Alichora mashine ya kufanya kazi hiyo, iliyoitwa Bombe. Ya kwanza ilifika Mwezi wa Tatu 1940, na mwenzake Gordon Welchman akaiongezea uwezo.

Fundi wa leo naye anaanza hivyo: anafanya kopi nzima ya disiki, anaacha ile ya kwanza bila kuigusa, kisha anajaribu maneno yenye mwenyewe alizoea kutumia. Lakini ufungaji wa sasa hauna kasoro kama ya Enigma. Neno la siri likiwa refu na limesahauliwa, mafaili yanabaki yamefungwa.

Turing aliongoza kazi ya siri za majini, sababu meli za Wajerumani za chini ya maji zilikuwa zinazamisha meli zenye kuleta chakula Uingereza. Mwezi wa Pili 1942 Wajerumani waliongeza gurudumu la nne, na kwa miezi kama kumi Bletchley haikusoma tena. Mwezi wa Kumi mwaka huo, wanamaji wawili Waingereza, Anthony Fasson na Colin Grazier, waliingia ndani ya U-559 iliyokuwa inazama ili kutoa vitabu vya siri. Vitabu vilitoka, wao wakazama nayo. Mwezi wa Kumi na Mbili, meseji zilianza tena kusomeka.

Kule mwanzo wa vita, Turing aliogopa Wajerumani watavamia Uingereza. Alinunua vipande viwili vya feza, akavifukia porini karibu na Shenley, akaandika maelezo ya pahali kwa lugha ya siri. Kisha vita alirudi kuvitafuta, hata na chombo cha kutambua chuma. Lakini pahali palikuwa pamebadilika, na hakuvipata. Maelezo peke yake hayakutosha.

Kisha vita alitengeneza programu za ordinateri za kwanza kule Manchester, na 1950 akaandika juu ya swali la mashine kuwaza. Mwaka wa 1952 tribinali ilimhukumu kwa sababu ya uhusiano na mwanaume mwenzake, kosa kwa sheria ya wakati ule. Alikubali sindano za homoni ili asifungwe, na ruhusa yake ya kutumika kwenye siri za serikali ikaondolewa. Alikufa kwa sumu tarehe 7 Juni 1954, akiwa na miaka 41. Uchunguzi ulisema alijiua.

Hakuweza kujitetea kwa kazi yake ya vita, sababu ilikuwa siri. Mama yake alitoa kitabu juu ya maisha yake mwaka wa 1959, na Enigma haimo. Raia walianza kujua tangu 1974. Serikali ya Uingereza iliomba radhi 2009, msamaha wa kifalme ukatoka 2013, na tangu 2021 sura yake iko kwenye noti ya pauni 50.