Daktari wa Mathari na Kipimo cha Akili Zetu

Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimkabidhi Dkt. John Colin Carothers hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi. Masomo ya magonjwa ya akili hakuwa nayo. Alikuwa daktari wa kawaida tu wa serikali, mzaliwa wa Afrika Kusini wa mwaka 1903, aliyefika Kenya mwaka 1929. Yaani alipewa funguo kwanza, stashahada ya fani yenyewe akaja kuifuata Uingereza baada ya vita, akiwa ameshakaa na wagonjwa miaka kadhaa.

Kwenye madesa yetu ya saikolojia humkuti. Unakuta vile vigezo vya kutambua hali isiyo ya kawaida, unavikariri usiku wa kuamkia mtihani, basi. Mimi nilimkuta kwa bahati, nikitafuta kitu kingine, na tangu hapo kila nikivisoma vigezo vile namwona yeye. Nairobi na Mbulu ni mbali, ndiyo. Lakini jamaa huyu hakuandika juu ya Nairobi. Aliandika juu ya akili ya Mwafrika, wa bara zima kusini mwa Sahara, kwa hiyo hata bibi yangu wa Mbulu yumo kitabuni mwake ingawa hawakuwahi kuonana.

Mathari ya wakati ule ilitenga wagonjwa kwa rangi. Waafrika wengi walioingia hawakuja wenyewe, wala hawakuletwa kwa kuwa wana huzuni. Waliletwa na polisi, na machifu, na mahakama: aliyechoma nyumba, aliyepiga watu, aliyekutwa akizurura mjini akiongea peke yake. Carothers akawahesabu. Alichukua Waafrika 558 waliolazwa kati ya 1939 na 1943, akawapanga kwa aina ya ugonjwa, na mwaka 1947 akachapisha matokeo. Alisema wazimu kwa Waafrika ni mchache kuliko kwa Wazungu, na kwamba sonona ni nadra sana kwao.

Hapo nadhani hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaona tundu. Nani angempeleka mtu mwenye sonona Mathari? Mwenye sonona havunji dirisha la mtu. Anakaa kimya, hali chakula, halali, shamba linaota majani. Chifu hana kesi naye. Carothers alihesabu waliopita mlangoni akadhani amehesabu nchi nzima, na alipokosa wanyamavu hakuuliza mlango wake unachuja nani. Alitafuta sababu ndani ya vichwa vya watu.

Sababu aliyoipata ndiyo iliyompa jina. Miaka ile upasuaji wa kukata mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo ulikuwa habari kubwa ya tiba. Egas Moniz wa Ureno, aliyeuanzisha, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Mwaka 1951 Carothers aliandika kwamba tabia ya Mwafrika inafanana na ya Mzungu aliyefanyiwa upasuaji huo, na kwamba huenda Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu hiyo ya ubongo. Soma tena taratibu: hakusema Mwafrika mgonjwa. Alisema Mwafrika mzima, wa kawaida, aliyeamka akaenda kuchunga. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia kitabu kizima juu ya akili ya Mwafrika katika afya na maradhi.

Sasa turudi kwenye desa. Kigezo cha kwanza ni cha kitakwimu: asiye wa kawaida ni yule aliye tofauti na walio wengi. Sawa, ila wengi wa wapi? Kwa hesabu ya Carothers bara zima lilikuwa tofauti na watu wa London, na hakuna aliyeona ajabu kwamba waliopungua kipimo ni mamilioni. Cha pili ni kukiuka kanuni za jamii, na hapo nataka nikae kidogo, maana ndipo kwetu panapoingia.

Kwa Wairaqw kuna hali inaitwa metimani. Mtu akifiwa na wa karibu sana, mume, mke au mtoto, anatengwa kwa muda. Haingii nyumba za watu, hali nao, hashiriki pombe, na watu nao hawamsogelei. Inaweza kwenda miezi mingi. Ukivuka upande wa Hanang, Wabarabaig wana bung'eda, mazishi ya mzee aliyeheshimika, yanayoendelea kwa miezi huku kaburi likijengwa kuwa kilima. Mchukue mjane wa metimani umsomee orodha ya dalili za sonona. Amejitenga? Ndiyo. Ameacha shughuli alizozipenda? Ndiyo. Orodha inajaa. Ila kwao, mjane ambaye wangemshangaa ni yule aliyekwenda mnadani wiki ya pili akicheka na watu.

Mwaka 2022 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliongeza rasmi ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu, na kwa mtu mzima umeweka mpaka wa mwaka 1. Nao unataka mila za mfiwa ziangaliwe kwanza. Hilo ni zuri, lakini sharti daktari awe anazijua hizo mila, au awe na mtu wa kumuuliza.

Carothers alistaafu Kenya mwaka 1950 akarudi Uingereza. Vita vya Mau Mau vilipopamba moto serikali ya kikoloni ikamwita aeleze, na mwaka 1954 ikachapisha ripoti yake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Watu waliokuwa wakidai ardhi, yeye aliwaona zaidi kama watu waliochanganyikiwa katikati ya mila zilizovunjika na usasa wasioumudu. Si wa kwanza kwa hilo. Huko Marekani, mwaka 1851, daktari Samuel Cartwright alidai watumwa wanaotoroka wana ugonjwa wa akili, akaupa na jina.

Frantz Fanon, naye daktari wa akili, alimjibu katika kitabu chake cha mwisho cha mwaka 1961, akimweka kundi moja na madaktari wa Kifaransa wa Algeria waliosema hayohayo juu ya Waarabu. Fanon alifariki tarehe 6 Desemba mwaka huo, siku 3 kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Jibu la takwimu lilichelewa kidogo. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda. Wao hawakusubiri mlangoni. Walikwenda kwa watu majumbani. Sonona ilikuwepo tele, hata kuliko kwa wanawake wa eneo la London waliolinganishwa nao.

Carothers mwenyewe hakuwa mtu wa matusi, na sipendi kumfanya zimwi. Mwaka 1959 aliandika makala akihusisha tofauti za fikra na maandishi, kwamba jamii ya kusoma na jamii ya kusikiliza haziumbi akili namna moja. Hapo ubongo umeachwa, utamaduni umeshika nafasi. Ila mwaka 1972 akarudi na kitabu kingine juu ya akili ya binadamu wa Afrika, bado kwa umoja, bara zima mtu mmoja. Alifariki mwaka 1989.

Wengine darasani husema basi, kama kipimo ni mila, tuache kila kijiji kijipimie. Sikubali haraka hivyo. Kijijini kwetu, upande wa Dongobesh, kulikuwa na mama aliyefiwa na mume. Alikaa metimani yake kama inavyotakiwa, na muda ule wote hakuna aliyejua anaumwa, kwa sababu mgonjwa na mfiwa walifanana. Muda ukaisha, akafunguliwa, watu wakaanza kumwamkia njiani. Hakuitikia. Hakutoka. Majirani, wanawake ambao hawajawahi kuona desa, ndio waliosema hii sasa siyo mila, wakachanga nauli, wakampeleka hospitali.

Huko aliulizwa ameanza lini kukaa peke yake. Dada yake alipoanza kueleza habari ya metimani akaambiwa angoje nje.