Shaughnessy, kocha aliyeifufua Stanford

Clark Shaughnessy alizaliwa mwaka 1892 jimboni Minnesota, Marekani. Mwaka 1939 Chuo Kikuu cha Chicago kilivunja timu yake ya mpira wa Kimarekani, naye akabaki kocha asiye na timu. Mwaka 1940 akahamia Stanford, iliyoshinda mechi moja tu msimu uliotangulia.

Huko alimkuta kijana Frankie Albert, mwepesi wa mikono kuliko miguu. Akamfanya kwotabeki: apokee mpira mkononi kwa mchezaji wa kati, ageuke kwa hatua fupi, amwonyeshe huyu, ampe yule.

Stanford ikashinda mechi zote 10, ikiwemo Rose Bowl, Januari 1, 1941, ilipoifunga Nebraska 21-13. Wachezaji wengi walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni mafunzo. Shaughnessy alifariki mwaka 1970.